Jina la Mama Yake Bibi

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akagugumia kikombe cha maji, kisha akaketi jikoni na bibi yake kufanya kazi za shule. Chiriku lilikuwa jina la utani tu. Alipewa kwa maswali yake yasiyokwisha.

Siku hiyo mwalimu alikuwa amewaagiza wanafunzi kuchora ukoo wao hadi kwa mama wa bibi zao.

"Bibi, mama yako aliitwa nani?"

Bibi aliendelea kuchambua mchele. "Simjui, mjukuu wangu. Nililelewa na mkunga aliyemzalisha mama. Watoto wenzangu waliniambia mama alinitupa, basi sikuthubutu kumuuliza mkunga mpaka akafariki."

Chiriku aliacha nafasi ya jina hilo wazi kwenye daftari.

Kesho yake rafiki yake alimwambia, "Andika jina lolote. Mwalimu atajuaje?"

Chiriku alishika kalamu, lakini kila jina lililomjia alilionea haya. Akamweleza mwalimu ukweli. Mwalimu alimwongezea wiki mbili, akamshauri aende kwenye kanisa alilobatiziwa bibi.

Jumamosi yeye na bibi walipokelewa kanisani na karani wa parokia, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Ulibatizwa mwaka gani, bibi?"

"Hata sijui, mwanangu."

"Msimamizi wako wa ubatizo je?"

"Mkunga aliyenilea," bibi alijibu, akamtajia jina lake.

"Basi tutalifuata jina hilo."

Karani alinawa mikono, akaikausha vizuri, ndipo akafungua kitabu kikubwa. Kila mstari ulikuwa na tarehe, jina la mtoto, wazazi na msimamizi. Wino ulikuwa umepauka. Karani aliweka rula chini ya mstari mmoja, akausoma wote, kisha akashuka kwenye mwingine. Mkunga alikuwa amesimamia watoto chungu nzima, na kila jina lake lilipotokea, Chiriku aliruka kitini.

"Huyu ni mvulana," karani alisema bila kuchoka. "Tuendelee."

Chiriku hakuwahi kuona mtu mvumilivu kiasi hicho. Siku ile hawakupata kitu. Jumamosi iliyofuata, kwenye kitabu cha tatu, rula ilisimama.

Karani alisoma jina la bibi, kisha la mama yake, na maneno madogo ya pembeni: "Mama alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua. Jina la mtoto alilichagua mwenyewe."

Bibi aliomba asomewe tena. Alishika ukingo wa meza.

"Kumbe hakunitupa," alisema taratibu. "Alinipa jina."

Chiriku alimkumbatia, machozi yakiwalenga wote wawili.

Chiriku alimsimulia karani jinsi rafiki yake alivyomshauri abuni jina. Karani alifunga kitabu kwa mikono miwili. "Aliyeandika mstari huu hakujua ni nani angekuja kuusoma, mjukuu, lakini aliandika ukweli wote. Nawe usibuni jambo usilolijua. Litafute, hata likikuchosha, maana huenda kuna mtu ameusubiri ukweli huo maisha yake yote."