Niliacha Nafasi ya Jina Wazi, Msimamizi Wangu Akaingia

Nilifungua jarida, nikakuta makala yangu. Miaka mitatu ya hesabu zangu...

Juu yake jina la Bogumił Sadkowski.

Msimamizi wangu. Na mhariri wa jarida hilo hilo.

Nikamfuata ofisini, pale kitivoni, chuo kikuu cha Toruń, Poland. Alikuwa anakoroga chai kwenye bilauri.

"Profesa, jina langu liko wapi?"

"Uliliandika?"

"Sheria ya jarida ni kuacha wazi, waamuzi wanaopima makala wasitujue. Mhariri ndiye anaweka mwishoni."

"Basi uliacha wazi, Bi Wrzosek. Sasa unamlilia nani?"

Jamani, nilitoka moja kwa moja hadi kwenye kompyuta yangu. Bila makala ile, shahada yangu ya uzamivu ilikuwa imekufa.

Nyie msiojua, majarida yetu hupangwa kwa LaTeX, programu ya kupanga kurasa. Unaandika amri, unaipa kitu cha kujaza. Amri ya mwandishi hupewa jina.

Nikafungua faili ya kiolezo cha jarida, ule mfano unaopanga kila makala. Nikaukuta mstari mmoja aliouandika yeye: jina likikosekana, weka Sadkowski.

Nyoka.

Sikupiga kelele. Wiki ile ile akaniita.

"Kiolezo kinagoma kwenye toleo jipya la programu. Kitengeneze. Angalau kwa hilo unafaa."

"Sawa, Profesa."

Nikafuta mstari wake, nikaweka wangu: jina likikosekana, chapa JINA LA MWENYE KAZI HALIPO.

Mwezi uliofuata kikaketi kikao cha kitivo. Karani akagawa nakala za makala mpya ya Sadkowski, zimetoka kuchapwa. Mkuu wa kitivo, Bibi Halszka Mroczek, akavaa miwani.

"Profesa, hii kazi ya nani?"

Sadkowski akatazama. Uso ukawa mwekundu, akaninyooshea kidole.

"Huyu msichana ameharibu kiolezo! Mimi huwa siandiki jina. Nikiacha wazi, linaingia lenyewe."

Bibi Mroczek akavua miwani.

"Linaingia lako," Bibi Mroczek akasema taratibu. "Na mwanafunzi akiacha wazi, linaingia la nani?"

Kisha akamgeukia karani.

"Karani, niletee matoleo ya miaka kumi."

Zilipatikana makala saba za watu chini ya jina lake. Yangu ilikuwa ya saba. Jina langu limerudi, yeye kiti chake kina mtu mwingine.

Mnaotunga amri za kompyuta, nisikilizeni. Kitu kikikosekana, ifanyeni amri iseme kwa sauti. Msiiache ijaze kimyakimya, maana anayekujazia pengo bila kukuuliza, jina lake tayari analo mfukoni.