Kicheko Kabla ya Wimbo wa Tatu

“Rudisha nyuma,” Mzee Nyuzi alisema.

Masikio akarudisha.

“Rudisha tena. Pale kabla ya wimbo wa tatu.”

Akarudisha tena. Spika mbili zilizowekwa juu ya meza ya chakula zikanyamaza kidogo, kimya safi kama sahani iliyotoka kuoshwa, halafu gitaa likaingia. Lilikuwa gitaa la Mzee Nyuzi mwenyewe, la miaka thelathini na minane iliyopita, likilia kana kwamba limepigwa asubuhi ile.

“Yuko wapi?” mzee akauliza.

“Nani, baba?” Kalamu akashtuka.

“Mama yako.”

Shangazi alikuwa na biskuti mdomoni, akaacha kutafuna.

Sasa kabla hamjaanza kulia, niwatambulishe watu. Kalamu ni binti wa mzee, kazi yake kuchora mabango na majalada. Masikio ni mchumba wake, fundi wa sauti, na jina hilo halikutoka mbali, mtazame tu kichwani. Ile albamu ya jalada la bluu, ambayo bendi ya Mzee Nyuzi iliwatoa nayo watu jasho mpaka viatu vikaachwa ukumbini, ilikuwa inatoka upya. Masikio kaisafisha sauti, Kalamu kachora jalada jipya. Jumatatu kazi inakwenda kiwandani. Jumamosi hiyo alasiri walikuja kumsikilizisha mzee, na akishafurahi, Masikio aombe tarehe ya harusi. Alikuwa amevaa hadi tai.

“Siku tunarekodi wimbo wa tatu,” mzee alisema taratibu, “aliingia msichana kutuletea chai. Mimi nina haraka zangu za ujana, nimevaa kiatu cheusi mguu huu, cha kahawia mguu huu. Akaniona, akacheka. Na kanda inazunguka! Sijamjua hata jina, kicheko chake tayari ninacho. Kwenye santuri walikikata. Kwenye kanda ya asili kilibaki.”

“Kumbe ndiyo maana hukuitoa chini ya kitanda,” Shangazi alisema.

“Miaka yote hiyo sina mashine ya kuipigia. Mwaka wa sita huu tangu mama yenu atutoke. Picha zake zimejaa kabati. Sauti yake sina hata ya neno moja.”

“Mbona hukutuambia mapema, kaka?”

“Nilitaka kuwashangaza.”

“Haya. Tumeshangaa.”

Macho yote yakamgeukia mwenye tai.

“Masikio,” Kalamu akauliza, “kulikuwa na kicheko?”

Masikio alimtazama. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Kisha akainamisha kichwa.

“Kilikuwepo. Nilikifuta. Kosa ni langu, mzee.”

“Basi ipige kanda tena, ukirudishe!” Kalamu akasema.

“Haiwezekani. Kanda kuukuu hupashwa kwenye tanuri kwa joto dogo ili gundi ishike, halafu inapigwa mara moja tu, kompyuta ikirekodi. Pale mwanzo wa wimbo wa tatu palikuwa pameoza. Baada ya kupita mara moja, pamebanduka. Imebaki plastiki tupu. Na kwenye kompyuta nimekata, nikahifadhi juu yake.”

“Umemkata mama yangu kama kelele?”

“Kalamu...”

“Kelele! Mama yangu!”

Akachomoa pete ya uchumba, akaiweka juu ya spika ya kushoto.

“Toka, Masikio.”

Duniani kuna aibu nyingi, lakini ipo ya kufukuzwa halafu ukabaki unakusanya nyaya. Masikio alichomoa waya mmoja baada ya mwingine, akazizungusha mkononi, hakuna anayempungia. Spika ni nzito, akaziacha. Mlangoni akageuka.

“Asante kwa chai, Shangazi. Mzee, asante kwa kuniamini na kanda yako. Nisamehe.”

Akaenda zake.

Kalamu alijifungia chumbani na simu. Mwenye hasira ana vidole vyepesi. Alitaka kufuta kila kitu cha yule bwana, kuanzia “mambo” ya kwanza. Akawa anapanda juu, wiki hii, wiki iliyopita.

Shida ya Masikio hakuwa mtu wa kuandika. Alikuwa mtu wa kurekodi sauti na kutuma, na sauti zake ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Kalamu alikuwa na dawa yake: anazijibu bila kuzisikiliza. Upendo upo, muda ndio hakuna.

Kidole kikasimama kwenye sauti ya wiki tatu nyuma. Dakika kumi na moja. Alama ilionyesha haijawahi kufunguliwa. Chini yake jibu la Kalamu mwenyewe, limetumwa dakika moja tu baadaye: “Safi sana mpenzi, nimeisikiliza yote. Endelea hivyo hivyo.”

Akabonyeza.

“Mpenzi, kanda ya baba mkwe imetoka kwenye tanuri muda huu, inanukia kama kabati la bibi...”

Masikio akaeleza tanuri. Akaeleza gundi. Akaimba kidogo, Mungu amsamehe. Dakika ya nane ikafika.

“Sasa sikia hapa, kabla ya wimbo wa tatu. Nakuwekea simu kwenye spika.”

Kiti kikaburuzwa. Mtu akahesabu moja, mbili. Halafu mwanamke akacheka. Kicheko kilianzia puani, kikapanda, kikakatika kana kwamba mwenyewe amejiziba mdomo kwa kiganja, kikamponyoka tena.

Kalamu alikijua. Ndicho kilichomcheka siku alipochora ng’ombe wake wa kwanza, wa miguu sita.

“Umesikia?” sauti ya Masikio ikaendelea. “Kuna dada anacheka. Kwenye santuri ya zamani hayupo, sijui ni nani. Mimi nimempenda, lakini kazi ni ya familia yenu. Nikiache au nikifute? Ukisema endelea, nitasafisha ifanane na santuri. Nijibu kabla sijahifadhi, maana kanda hii haina raundi ya pili.”

Endelea hivyo hivyo.

Kalamu aliteleza kitandani mpaka sakafuni. Akapiga simu. Ikaita mara moja.

“Uko wapi?”

“Kituo cha basi. Nyaya zimejifunga kwenye tai.”

“Kwa nini hukusema?”

“Kusema nini?”

“Masikio! Kwamba mimi ndiye niliyekwambia uendelee!”

Basi likapita huko upande wa pili.

“Mbele ya baba yako?” akasema. “Mke amempoteza mara mbili, halafu nimwongezee na binti? Bora amchukie fundi. Sisi mafundi tumezoea.”

“Sikuisikiliza.”

“Nilijua pale ulipouliza kama kulikuwa na kicheko. Aliyesikia hawezi kuuliza. Lakini na mimi, fundi gani anahifadhi juu ya kazi bila kuweka nakala? Wewe ulisema neno, kitufe nilibonyeza mimi.”

“Sijawahi kumaliza sauti yako hata moja.”

“Hata ile ya siku yako ya kuzaliwa?”

“Nilisikiliza mwanzo.”

“Kalamu! Mle niliimba!”

“Ndiyo maana.”

Akacheka huku analia, na puani kikatoka kitu kinachofanana sana na kile cha kwenye kanda.

“Kicheko kipo, Masikio. Kimo humu.”

“Kipo vipi? Simu niliyotumia ilitumbukia kwenye ndoo. Na wewe kila mwezi unafuta sauti zangu simu isijae.”

“Nafuta zile nilizofungua. Rudi.”

Alirudi mbio, nyaya zinamfuata kama mikia. Kalamu hakumsubiri hata akae.

“Baba, aliyemfuta mama ni mimi. Huyu aliniuliza, nikamjibu uongo kwamba nimesikiliza. Amenibebea kosa langu, nami nikamtoa nje. Nisameheni nyote wawili.”

Kisha akabonyeza.

Mzee Nyuzi alisikiliza akiwa amesimama. Akasema, “Tena.” Akasikiliza. “Tena.” Mara ya nne akakaa, akavitazama viatu vyake, akatabasamu kama mtu aliyeonekana.

“Asanteni,” akasema. “Asanteni sana, wanangu. Mimi nimeficha, wewe umedanganya, huyu amefuta. Na bado mama yenu amekuja.”

“Sauti ni ya simu, ina ukungu,” Masikio akasema, mkono tayari unatafuta kompyuta. “Naweza kuisafisha kidogo...”

“USIGUSE!” watu watatu wakapiga kelele kwa pamoja.

Shangazi akainuka, akaitoa pete juu ya spika, akaipangusa kwa kanga yake.

“Haya, bwana tai. Ulikuja kuomba tarehe au ulikuja kusikiliza muziki?”

Albamu ilikwenda kiwandani Alhamisi badala ya Jumatatu. Kabla ya wimbo wa tatu, kiti kinaburuzwa, mtu anahesabu, mwanamke anacheka, na ukungu wake wote. Nyuma ya jalada, chini kabisa, Kalamu aliongeza mstari mmoja: “Shukrani kwa msichana aliyeleta chai.”

Asubuhi ya harusi Mzee Nyuzi alitoka chumbani na kiatu cheusi mguu mmoja, cha kahawia mguu mwingine, akakataa katakata kubadilisha. Kalamu, katikati ya kusukwa, alikumbuka kitu. Ile sauti aliikatisha dakika ya tisa. Akaweka simu sikioni, akasubiri mpaka mwisho.

“...basi ndiyo hivyo, mpenzi,” Masikio alikuwa anamalizia. “Kama bado uko nami mpaka hapa, asante. Watu wengi huniacha dakika ya pili.”

Kalamu akaandika kwa kidole gumba, shingo imeshikwa na msusi:

“Nimefika. Asante wewe.”