Bakuli Lililorudi Tupu

Mimi si mtu wa kuchezea mambo ya wafu, na anayetaka kucheka acheke. Haya yalimpata mdogo wake mama yangu, mama mdogo Verna, na gari walilosafiria limeegeshwa nyuma ya nyumba yangu.

Mumewe, baba mdogo Delmar, alikuwa ameanza kusahau. Kwanza funguo, halafu watoto, mwisho mke aliyeishi naye miaka arobaini na sita. Akawa anamwita "yule mama wa jikoni." Mama mdogo akaishiwa mbinu. Akanunua gari-nyumba kuukuu, lenye kitanda na jiko, wakaufuata Mto Mississippi kwenda kusini. Baba mdogo alikulia kwenye miji mitatu ya mto huo, maana baba yake alifanya kazi kwenye matishari ya kubeba mizigo. Mkewe alitaka jambo moja tu: amsikie akimwita kwa jina, hata mara moja.

Mji wa kwanza, mzee alisinzia tu. Wa pili, alibishana na kinyozi kwamba ana miaka tisa. Mama mdogo akajikaza, wakaendelea.

Wa tatu ni Corliss, alikozaliwa. Walifika Jumapili saa saba mchana, ukungu umetanda. Karibu na maji palikuwa na kanisa la mbao, na wanawake waliovaa aproni wakawakaribisha chakula cha baada ya ibada. Baba mdogo akaingia akimtaja kila mmoja kwa jina, na utani juu. Mama mdogo alilia kwa furaha. Kisha akamshika mkono, akamnong'oneza, "Na mimi je, ni nani?"

Akamtazama kwa huruma. "Samahani mama, wewe sikujui. Ila asante kwa kunileta nyumbani."

Mwanamke mmoja akawafungia bakuli la tambi na samaki waende nalo. Jina lake, Hedvig, lilikuwa limeandikwa kwenye selotepu chini ya bakuli. Walipotoka ndipo mama mdogo alipoona viatu vyake vimelowa chapachapa, na mvua haikunyesha.

Kwetu huku kila mtu anajua: bakuli la mtu halirudishwi tupu. Hata nyanya mbili, unatia. Lakini mama mdogo hakuwa na akili ya kukumbuka adabu. Asubuhi akaliosha, akalipeleka. Kanisa hakulikuta. Palikuwa na nyasi, ngazi ya mawe isiyofika popote, na kibao cha majina ya waliozama kwenye mafuriko ya mwaka sitini na tano. Hedvig alikuwa wa nne.

Akaliacha bakuli kwenye ngazi, akakimbia. Akawasha gari. Likagoma. Akajaribu tena. Wapi.

Mlango ukagongwa, taratibu.

Hedvig alisimama nje, bakuli mkononi. "Dada, limerudi tupu."

"Sina kitu," mama mdogo akanong'ona. "Nakuapia, sina."

Hedvig akatazama ndani ya gari, nyuma ya mama mdogo, kule mzee alikokuwa ameketi. "Unacho."

Mama mdogo akapiga magoti. Akatoa mkate. Akatoa sukari. Akavua pete ya ndoa. Hakuna kilichopokelewa.

Baba mdogo akainuka. Akafunga kamba za viatu mwenyewe, na mwaka mzima alikuwa hawezi. Mlangoni akageuka, akamtazama mkewe kama mtu anayemjua.

"Verna," akasema, "usinisubiri kula."

Akashuka. Ukungu ukamfunika.

Polisi walitafuta mtoni siku tisa, wasipate hata kofia. Gari likaletwa kwangu. Ndani, ukutani, pana mstari wa tope umezunguka gari zima, kama ule unaoachwa na mafuriko. Nimeusugua kwa sabuni na brashi mpaka vidole vikachubuka. Kila asubuhi upo, na umepanda kidole kimoja. Wiki hii umefika kwenye godoro. Mama mdogo analala hapo hapo, upande wa mumewe. Nimembembeleza atoke, nimegomba, nimelia. Hataki. Anasema ameitwa mara moja tu, na haikutosha.