Taa za Twaha na Mapeasi ya Mama

Utasema natunga. Sema tu. Lakini mimi niliona kwa macho yangu, na video ninayo kwenye simu. Bulbu moja ndogo ya rangi ya chungwa ilisimamisha lori zima la kabichi, kwenye ukungu wa milima yetu ya Magamba, Lushoto. Dereva hakupigiwa kelele wala hakupungiwa mkono. Alisimama mwenyewe.

Twaha ni bodaboda wa kijiwe chetu. Kila siku ya soko humpeleka mama yake Lushoto mjini kuuza mapeasi. Mama yake anaitwa Mwanahawa. Tenga la mapeasi hufungwa nyuma, mama hukaa katikati, na wote wawili huvaa kofia ngumu. Wanashuka mlima hivyo, mama akimkemea mwanawe kila kona.

Sasa, madereva wa malori huku milimani wana mazoea yao. Ukiwa nyuma ya lori, dereva akiwasha indiketa ya kushoto, anakwambia pita. Akiwasha ya kulia, anakwambia subiri. Twaha aliyapenda sana mazoea hayo. Siku moja akarudi kutoka mjini na indiketa mpya za urembo. Kushoto kijani. Kulia nyekundu.

"Kijani pita, nyekundu usipite," alituambia. "Hata mtoto ataelewa."

"Mghoshi, mwanamume wewe, umesoma wapi?" Mbaraka, bodaboda mwenzetu, alimuuliza, na kijiwe kizima tukacheka na kumsifu. Pikipiki ilipendeza kama harusi.

Siku ya soko ukungu ulikuwa mzito. Twaha akashuka na mama yake. Karibu na mji kuna barabara ndogo ya kulia, ndiko wanakoshushia mboga na matunda. Twaha akawasha indiketa ya kulia, ile nyekundu, akaanza kukata kona.

Lori lililokuwa nyuma likatoka upande wa kulia kumpita. Honi ililia. Twaha akarudi kushoto kwa nguvu, pikipiki ikaingia mtaroni, tenga likapasuka. Mapeasi yakabingirika mlima mzima.

Dereva akaruka chini. Alikuwa Lusajo, mtu wa Mbeya anayebeba kabichi za huku.

"Mama, umeumia?"

"Sijaumia, baba. Nimeogopa tu."

Lusajo akamgeukia Twaha. "Kijana, mbona unageuka bila kuonyesha?"

"Nimeonyesha. Nimewasha nyekundu."

"Mimi nimeona taa ya breki. Nikajua unasimama pembeni, nikapita."

Mama Mwanahawa akavua kofia ngumu, akamkabidhi mwanawe. "Baki na taa zako. Mimi nina miguu."

Tangu hapo alishuka mlima kwa miguu, tenga kichwani. Na njia ilipita mbele ya kijiwe chetu.

"Shikamoo mama," tulimwamkia.

"Marahaba wanangu." Kwa Twaha hakutazama.

Mbaraka hakumwacha. "Mama aliyekuzaa hapandi. Mimi nani nipande?"

Ilikuwa utani, lakini abiria walisikia. Mmoja akahama, kisha mwingine. Twaha akawa anakaa juu ya pikipiki yake kama mlinzi. Na kilichomuuma zaidi ni ule mgongo wa mama ukiteremka kwenye ukungu na mzigo.

Akamfuata Lusajo alipokuwa akipakia kabichi.

"Shikamoo kaka. Sikuja kugombana. Nataka kujua ulichoona siku ile."

"Marahaba. Panda juu hapa, ukae kwenye kiti changu."

Twaha akapanda. Mbaraka, aliyekuja naye, akapewa pikipiki, akaipeleka mbele, ukungu ukammeza.

"Haya," Lusajo akasema, "anageuka wapi?"

Twaha akakodoa macho. "Hageuki. Amekanyaga breki."

"Hajagusa breki. Amewasha indiketa yako ya kulia. Kwenye ukungu nyekundu mbili zinakuwa moja."

Twaha akachungulia tena kiooni.

"Sikiliza, mdogo wangu," Lusajo akaendelea. "Indiketa ni rangi ya chungwa. Kulia na kushoto, mbele na nyuma. Kava la taa likiwa jeupe, basi bulbu iwe ya chungwa. Nyekundu ni ya nyuma, kwa taa ya nyuma na breki. Taa kubwa ya mbele ni nyeupe. Bluu ya kuwakawaka waachie polisi na gari la wagonjwa. Ndivyo trafiki wanavyokagua."

"Na ile ya kuambiana pita, subiri?"

"Hayo ni mazungumzo yetu madereva. Wengine hawayajui. Kisheria indiketa inasema neno moja tu: nageuka huku. Iwashe mapema, na ukishageuka izime."

Siku hiyohiyo Twaha alikwenda kwa fundi. Akang'oa urembo wote, akarudisha indiketa za chungwa. Kisha akaenda nyumbani kwa mama yake, nasi wa kijiweni tukamfuata.

Mama hakukubali maneno. Alitembea nyuma ya pikipiki mpaka ukungu ukamficha. Tukasikia sauti tu.

"Washa."

Twaha akawasha.

"Hiyo ni kulia. Washa nyingine. Kushoto. Sasa kanyaga breki. Haya, hiyo ni breki." Akarudi taratibu. "Lete kofia yangu."

Siku ya soko akapanda mbele ya kijiwe kizima, kichwa juu, tenga nyuma. Mimi nikatangulia, nikasimama pale kwenye kona na simu yangu.

Wakatokea kwenye ukungu. Chungwa, upande wa kulia, inawaka, inazima. Nyuma yao lori la kabichi. Nikainua simu. Lori likapunguza mwendo, likapunguza tena, likasimama kabisa. Twaha akatazama nyuma, akatazama mbele, akakata kona taratibu. Hakuna peasi lililoanguka.

"Yule ni Lusajo?" mama akauliza.

"Hapana mama. Simjui."

"Na yeye hakujui," mama akasema. "Lakini amekuelewa."

Siku hizi Twaha hana muda wa kukaa kijiweni. Abiria wanamsubiri kwa zamu, na wenzetu wengi wameshabadilisha taa. Mbaraka bado. Pikipiki yake inawaka bluu mbele na kijani nyuma, na anakwambia yeye ni mwepesi kuliko Twaha.

Haya, chukulia ni wewe. Ukungu umeshuka, umechelewa sokoni, mzigo uko miguuni. Twaha ameshaondoka na abiria. Mbaraka yupo, anakwambia panda twende. Ungefanyaje?