Ufunguo Ulikuwa Kwenye Pindo la Leso Yangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, mkaazi wa Chaani. Naandika haya huku ndugu yangu Hamadi ameketi kando, maana yeye hawezi tena kusoma...

Miaka michache iliyopita mume wangu Rashidi aliajiriwa kupima mizigo katika yadi moja ya makontena, Changamwe. Yadi ililetewa mashine ya kujaribiwa, bomba la chuma ambalo watu wawili hulibeba. Likiwashwa hutoa miale isiyoonekana, inaitwa nyutroni, ikapenya kontena lililofungwa na kufichua kama ndani mna baruti. Ajabu kubwa!

Lakini miale hiyo hudhuru watu. Kwa hivyo mashine haiwaki bila ufunguo, na ufunguo hakai nao mpimaji. Hukaa na mtu wa pili, ambaye huhakikisha kwanza kila mtu yuko nje ya kamba iliyozungushwa kuzuia watu. Msimamizi alinichagua mimi, mfagiaji wa pale, akisema mke hawezi kukubali mumewe adhurike. Nikaufunga kwenye pindo la leso yangu. Jinsi nilivyojivuna!

Shangazi yangu alipofariki Likoni, Rashidi mwenyewe alinihimiza niende mazikoni. Alisema siku hiyo hakuna kupima. Nikaenda, na ufunguo wangu pindoni.

Niliporudi alasiri, lango lilikuwa limejaa watu. Kontena moja lilikuwa na alama ya chaki ya Rashidi, ile ya salama. Hamadi, aliyekuwa mpakuzi pale, alikuwa ametia mtaimbo kwenye sanduku la vigae. Kumbe chini ya vigae ilifichwa baruti ya kuvunjia mawe, ikamlipukia! Macho yake yote mawili... Ya Rabi!

Nikashika pindo langu. Ufunguo ulikuwepo. Basi Rashidi alipima na nini?

Alinikuta hospitali, nikilia ukutani. Akaninong'oneza:

"Sema ufunguo nilikuwa nao miye. Sema mashine imekosea. Mimi ni mumeo, Mwanaisha."

Nikamuuliza kontena ni la nani. Akakiri. Lilikuwa la shemeji yake wa Mwakirunge, kaka wa mke wake wa pili... mke ambaye mimi sikumjua! Alinituma nikamlilie maiti ili mzigo wa ndugu wa mke mwenzangu upite bila kupimwa. Mtu niliyelala naye kitanda kimoja!

Nilipokataa kumfichia, aliwaambia wakubwa kwamba ni mimi niliyewasha mashine vibaya. Nikafungua pindo mbele yao, na waombolezaji wa Likoni wakanishuhudia. Rashidi alifukuzwa kazi. Mimi nikapewa talaka.

Nilimuuliza Hamadi kwa nini hakungoja nirudi na ufunguo. Alijibu polepole: "Alama ilikuwa ya shemeji, dada. Ningeuliza nini?"

Nawasihi, ndugu zangu, ulizeni! Awe mume, awe shemeji, ulizeni kama kazi imefanywa kweli. Msione haya.

Siku hizi nikimpa Hamadi chai namwambia imepoa. Hunishukuru, kisha huchovya kidole kwanza. Hata mimi, dadake, haniamini tena...