Wasifu wa Mwalimu Rudia

Kila asubuhi, kabla Kasuku hajafungua macho sawasawa, sauti ya bibi yake ilikuwa imeshafika kitandani.

"Wewe, Kasuku! Jua likukute hapo hapo?"

Basi Kasuku aliamka, akanawa uso, akaenda jikoni kukaguliwa. Bibi hakuona vizuri tena kwa sababu ya mtoto wa jicho, lakini alikagua kwa vidole: kucha, kola, vifungo, hata nyuma ya masikio.

"Hapa umepitisha maji tu," alisema. "Sabuni imekukosea nini?"

Jina la Kasuku alipewa na bibi huyo huyo, kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Bibi naye alikuwa na jina lake mtaani. Alifundisha darasa la kwanza tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na mtoto akikosea kusoma alimwambia neno moja tu: "Rudia!" Wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Rudia, na jina likamganda. Wazazi wengi wa mtaa ule walijua kushika kalamu kwa sababu yake.

Kustaafu hakukumkalisha kitako. Alasiri Kasuku alimshika mkono wakaenda kanisani, bibi akafundisha kwaya ya watoto. Kisha waliingia stoo iliyokuwa nyuma ya kanisa, kati ya mabenchi mabovu na ndoo za rangi. Humo watu wazima wachache walijifunza kusoma, mlango umefungwa, maana waliona haya. "Ya stoo yabaki stoo," bibi alimwonya Kasuku, na Kasuku, pamoja na mdomo wake wote, hakumwambia mtu. Wakirudi nyumbani walipitia kwa mgonjwa. "Tumsalimie tu," bibi alisema, na salamu hiyo iliishia kwenye kufua mashuka.

Asubuhi moja sauti haikufika. Kasuku aliamka mwenyewe, akacheka, akidhani leo amemshinda bibi. Akaingia chumbani kwake kwa madaha. Bibi alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja chini ya shavu. Kasuku alipoushika, ulikuwa wa baridi. Akaanza kuusugua katikati ya viganja vyake ili upate joto, akausugua, akausugua, mpaka mama yake alipoingia na kumwondoa taratibu.

Nyumba ikajaa watu. Cherehani ya mama ikafunikwa kitambaa, viti vya kuazima vikapangwa uani. Mjomba akafika kutoka mbali alikofanya kazi ya ofisini. Hakuwa amekanyaga nyumbani kwa miaka mingi, lakini alishika usukani mara moja: nani aite nani, nani apike nini.

"Kasuku," alisema, akimpa karatasi, "wewe ndiye uliyekaa na bibi. Utasoma wasifu wake kanisani. Hebu jaribu tusikie."

Kasuku akasimama katikati ya sebule, akasoma: "Marehemu mama yetu alikuwa mpole kama njiwa. Hakuwahi kukasirika. Hakuwahi kumpandishia mtu sauti..." Akaishusha karatasi, akamtazama mjomba wake.

"Mjomba, huyu ni nani?"

Jirani mmoja alikohoa ili asicheke.

"Ni bibi yako!"

"Bibi alikuwa akikasirika kila siku. Hata mchungaji, bibi alimtoa nje kwaya ilipokuwa inafanya mazoezi."

"Kasuku!" mama alimkemea.

"Marehemu hasemwi vibaya," mjomba alisema kwa ukali. "Utasoma kilichoandikwa, basi."

Kasuku alitoka uani na machozi ya hasira. Huko alimkuta mwenye bucha, mtu wa mwili mkubwa, akipasua kuni za msiba. Naye macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa mmoja wa wanafunzi wa stoo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekuudhi tena, na siku hizi hivi zilivyo?"

Kasuku akamweleza. Mwenye bucha akaliegemea shoka lake.

"Hakuwahi kumpandishia mtu sauti? Aa, mimi alinipandishia! Mbele ya wenzangu wote, kwa sababu ya herufi moja. Nikasusa. Siendi tena, mtu mzima mimi! Unajua alifanya nini? Alikuja buchani, akapanga foleni na wateja. Zamu yake ilipofika akasema, 'Leo sitaki nyama. Nilikukosea, nimekuja kukuomba radhi.' Hakutaja stoo wala kusoma. Wateja wakabaki wanashangaa." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Kesho yake nikarudi. Sasa nasoma, mwanangu."

"Naomba nilisimulie hilo kanisani."

Mwenye bucha aliangalia chini. "Wateja wangu wote watakuwepo."

"Basi sitasema," Kasuku alijibu, na mwenye bucha akaendelea kupasua kuni.

Siku ya mazishi kanisa lilifurika. Jeneza lilikuwa mbele, na Kasuku alijitahidi asiliangalie. Alifungua karatasi. "Marehemu mama yetu alikuwa mpole kama njiwa," alisoma, akaishia hapo. Aliona kana kwamba anamzika mtu mwingine, na bibi yake yuko mahali peke yake, hakuna anayemtaja. Akaikunja karatasi.

"Bibi yangu hakuwa mpole," alisema.

Mjomba akainamisha kichwa.

"Alikuwa mkali. Alimtoa mchungaji nje kwa sababu alikuwa anakohoa watoto wakiimba." Mchungaji akatikisa kichwa kukubali, na kicheko kidogo kikapita katika mabenchi. "Siku moja alinigombeza kwamba nimevunja chupa ya mafuta. Kumbe ni paka. Alipojua, alinifuata mpaka shuleni, na magoti yake yale mabovu, kuniomba radhi. Akienda kwa wagonjwa alilalamika njia nzima, lakini alikwenda. Mvua ikinyesha, alikwenda. Na mimi... mimi namtaka huyo huyo."

Mama alikuja mbele akamkumbatia. Ndipo benchi la nyuma likalia kwa uzito wa mtu anayeinuka.

"Mimi nilikuwa sijui kusoma," alisema mwenye bucha. "Mwalimu Rudia alinifundisha, pale stoo."

Akasimulia yote, hata kususa kwake. Hakuna aliyemcheka. Mwanamke mmoja akainuka baada yake, kisha mzee mmoja, nao wa stoo. Watu walilia siku ile kuliko walivyolia nyumbani, kwa sababu sasa walijua barabara wanamzika nani.

Jioni, viti viliporudishwa kwa wenyewe, mjomba aliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Akamwita Kasuku akae karibu naye.

"Bado umenikasirikia, mjomba?"

"Hapana. Siku nilipoondoka hapa nilimjibu mama vibaya. Kisha nikakaa nikisubiri yeye aanze kunipigia simu. Jana nilipotaka kuandika, nikaona nimemsahau. Nikaandika mama wa mtu yeyote yule." Akamgeukia. "Kasuku, alikuwa ananitaja?"

Kasuku alijua jibu tamu. Lilikuwa tayari mdomoni.

"Alikutaja," alisema. "Alisema una kiburi kama chake. Siku moja aliniambia nimtafutie namba yako. Nikampa simu. Akaishika muda mrefu, halafu akanirudishia. Hakupiga."

Mjomba alifunika uso kwa viganja. Mabega yake yalitikisika.

"Kwa mwenye bucha aliweza kuanza yeye," alisema. "Kwangu mimi ilimshinda. Na mimi ikanishinda."

"Samahani, mjomba. Nisingesema?"

"Hapana, mwanangu. Umefanya vizuri. Ungenidanganya, ningefurahi leo tu, na ningekuwa sina mama wa kumkumbuka. Mseme mtu alivyokuwa, na ukali wake na wema wake, hapo ndipo unapomheshimu. Na siku ukikosana na mtu unayempenda, usikae kusubiri yeye aanze. Nenda wewe. Mimi nimechelewa."

Mama alitoka na vikombe vya chai. Aliviweka chini, akaketi nao kwenye ngazi, akamlaza Kasuku mapajani, na chai ikapoa bila mtu kuigusa.