Wimbo wa Bibi Katika Kompyuta ya Gidudu

Kila alipotoka shuleni, Night alipitia chumba cha Gidudu, pale pale mtaani Mpumudde, Jinja, kabla ya kufika kwao, nyumba ya pili. Alibisha hodi kwa mdundo, na jibu lilikuwa lile lile: "Night gani, usiku gani unakuja jua likiwa bado juu? Ingia ufunge mlango, muziki usitoroke."

Gidudu alikuwa DJ. Kwao ni Mbale, alikokulia miaka ya utawala wa kijeshi, watu walipocheza dansi mchana kwa kuogopa askari wa usiku. Ngoma za imbalu, zile zinazowasindikiza vijana wanaokwenda kutahiriwa, ndizo zilizomfundisha mapigo. Baadaye alibeba betri za disko, akachezesha kanda za magitaa ya Kongo, na sasa alikuwa na kompyuta iliyong'oka herufi kadhaa. Humo alipika muziki wake mwenyewe: ngoma ya kwao chini, mashine juu, na katikati sauti ya mtu. Sauti alizikusanya kokote, hata sokoni Nakaloke. Ila kabla ya kubonyeza chochote aliuliza: "Mwenye sauti anajua?" Akiambiwa hapana, aliiacha, hata iwe tamu namna gani.

Night alitamani siku moja alete sauti yeye, asifiwe. Alijua ilipo. Ndani ya sanduku la mama yake, Santa, palikuwa na kanda ya bibi mzaa baba, akiwaombolezea wanawe waliouawa vitani kaskazini. Baba yake Night alikuwa mmoja wao. Bibi naye alifia katika kambi ya wakimbizi. Santa aliitunza kanda hiyo kwa ajili ya siku moja tu, siku ambayo ukoo ungerudi nyumbani kumaliza matanga, maana wakati wa vita walizika haraka haraka na kukimbia. Sasa bunduki zilikuwa zimenyamaza, na siku hiyo ilikaribia.

Alasiri moja Night aliichomoa kanda sandukuni bila kuomba, akampelekea Gidudu, ambaye hakujua Kilango, lugha ya Bibi. Sauti ile nyembamba ilipopanda, aliacha mzaha.

"Ya nani hii?"

"Ya bibi yetu. Anaimba wimbo wa mavuno."

"Anajua?"

"Anajua, Anko," Night alisema, akimjibia marehemu.

Wimbo ukapikwa. Kipande cha sauti ya Bibi kilikatwa, kikarudiwa, kikarudiwa tena juu ya ngoma. Latif, mwenye ukumbi kule Nkoma, Mbale, aliusikia kwa simu, akasema Jumamosi mchana wanafunzi wataucheza mpaka viatu viombe msamaha, kisha yeye mwenyewe ataupeleka redioni. Gidudu akaanza kumwita Night mtayarishaji mwenzake.

Lakini sauti ilianza kumfuata Night. Alipofungua bomba, ilipanda ndani ya maji. Boda boda zilipopanda mlima, zilivuta pumzi kama Bibi. Darasa likinyamaza, ilianza upya, na daima iliishia pale pale ilipokatwa, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Ijumaa, Santa alikuwa uani akimenya mihogo spika za Gidudu zilipolia. Kisu kikasimama. Alisikiliza, akasikiliza tena, kisha akaingia ndani kufungua sanduku. Alitoka mikono mitupu, akaenda moja kwa moja kwa Afande Romano, polisi jirani, akamwambia kuna mwizi.

Kanda waliikuta mezani kwa Gidudu. Majirani walikwishajaa mlangoni, mmoja akisema madijei wote ndivyo walivyo. Romano akamwambia avae shati waende kituoni. Gidudu, aliyekuwa akitania hata mbuzi njiani, alimtazama Night mara moja tu, akaokota shati lake kimya. Angeweza kumtaja. Hakumtaja.

"Afande, mwache," Night alisema. "Niliichukua mimi. Nikamdanganya kwamba Bibi anajua."

Santa alimgeukia taratibu. "Kipande mnachokirudia, unajua kinasema nini?"

Night akatikisa kichwa. Alikulia Jinja, Kisoga alikijua kuliko lugha ya baba yake.

"Ni jina la baba yako la utotoni. Bibi anamwita arudi ale. Kutwa nzima mnamwita, na kabla jina halijaisha mnamkatiza."

Romano alivua kofia. Gidudu akampigia Latif, ambaye alilalamika kwamba matangazo yamebandikwa Mbale nzima. Gidudu akamjibu kwamba atapiga ngoma tupu, na asiyeweza kucheza akanywe soda. Kisha akamvutia Night kiti mbele ya kompyuta.

"Uliyemleta ni wewe. Mtoe wewe."

Night akabonyeza. Sauti ikatoweka, zikabaki ngoma, zikienda kama watu wanaotembea gizani bila kuongea. Gidudu alimrudishia Santa kanda kwa mikono miwili, akaomba radhi.

Walipofika nyumbani, Santa alimkalisha binti yake kando yake.

"Sina ugomvi na muziki," alisema. "Baba yako alipenda dansi kuliko chakula. Ungeniomba, huenda baada ya matanga ningempelekea Gidudu kanda mimi mwenyewe. Lakini umemsemea Bibi uongo, na uongo huo nusura umfunge mtu asiye na kosa. Ukimsingizia aliye hai, atakukana. Aliyekufa hawezi kukukana, mwanangu. Anatutegemea sisi tuseme kweli kwa niaba yake."

Night alifuta machozi, akauliza jina lile likoje kamili. Santa alilitamka polepole mpaka mwisho, naye Night akalirudia, bila kulikatiza.